Nani Amemshika? Karne Sita za Kusaka Vyanzo vya Mijongeo Isiyo ya Hiari

Mwili wa mtu mwenye afya husogea kwa amri ya mwenyewe, na sehemu zake nyingine husogea bila kuamriwa kwa namna ambayo hakuna anayeistaajabia, kama moyo unavyodunda na kope zinavyopepesa. Ipo hata hivyo aina ya tatu ya mjongeo, ambayo mwenye mwili hakuiamuru wala hawezi kuizuia: mkono unaotetemeka ukiwa umetulia mapajani, ulimi unaotoka na kurudi kinywani, miguu inayorukaruka kana kwamba inafuata ngoma isiyosikika na mwingine. Wataalamu wa tiba huiita mijongeo isiyo ya hiari na kuigawa kwa sura yake. Tetemeko ni mjongeo wa kwenda na kurudi wenye mapigo yanayolingana. Korea, neno lililotoka katika Kigiriki likiwa na maana ya dansi, ni mjongeo wa ghafla unaohama kutoka kiungo kimoja hadi kingine bila mpangilio. Distonia ni kukaza kwa misuli kunakopinda shingo, mkono au mguu. Na tiki ni kitendo kifupi kinachojirudia, kama vile kukunja uso au kuguna.

Kiswahili kimehifadhi swali la kwanza ambalo wanadamu waliliuliza mbele ya mtu wa namna hiyo, kwa kuwa anayetetemeka bila sababu inayoonekana husemwa ameshikwa, na ngoma za kupunga pepo katika pwani ya Afrika Mashariki zilisimama juu ya imani kwamba aliyemshika mtu ana jina lake na haja zake. Ulaya nako swali lilikuwa hilohilo. Ilichukua karne sita kwa swali la nani amemshika kusogea na kuwa swali la nini kimeharibika, wapi, na kwa sababu gani, na safari hiyo haikwenda kwa mstari ulionyooka.

Ngoma ya Mtakatifu, 1374–1686

Mwaka 1374, katika mji wa Aachen na miji mingine iliyo karibu na mto Rhine, makundi ya watu walionekana wakicheza barabarani hadi kuanguka, na wale waliowatazama waliamini kwamba wameingiwa na pepo. Tukio lililoandikwa vizuri zaidi ni lile la Strasbourg, ambako Julai 1518 mwanamke aliyetajwa kwa jina la Troffea alianza kucheza peke yake mtaani, na baada ya siku chache makumi ya watu, kisha mamia, wakawa wanacheza pamoja naye. Baraza la mji, kwa ushauri wa matabibu walioamini kwamba damu imepata joto kupita kiasi, liliamua kwamba wagonjwa wacheze hadi joto liwatoke, likawatengea mahali na kuwaajiria wapiga muziki. Hali ilipozidi kuwa mbaya, baraza lilipiga marufuku muziki na kuwapeleka wagonjwa kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Vitus karibu na Saverne, mtakatifu ambaye aliaminika kuwa na uwezo wa kuleta laana hiyo na pia wa kuiondoa.

Ni vigumu kuamini kwamba umati ule ulikuwa na ugonjwa mmoja wa ubongo. Waandishi wengi wa historia ya tiba huona kuwa njaa, hofu na imani ya pamoja ndizo zilizowasukuma wengi wao, ingawa huenda miongoni mwao walikuwemo wagonjwa wa korea halisi. Tabibu Paracelsus, aliyefika Strasbourg miaka michache baadaye, alikataa kwamba mtakatifu anaweza kuwa chanzo cha maradhi, akagawa dansi hiyo katika mafungu: inayotokana na mawazo, inayotokana na tamaa, na inayotokana na maumbile ya mwili. Fungu la tatu ndilo lenye uzito katika historia hii, kwa sababu hapo ndipo mjongeo usio wa hiari ulipoanza kutafutiwa chanzo ndani ya mwili wenyewe.

Mwaka 1686 tabibu Mwingereza Thomas Sydenham alieleza ugonjwa wa watoto ambao mguu mmoja huburutwa, mkono haukai mahali pamoja hata kwa nukta chache, na kikombe hakifiki kinywani ila baada ya kuzunguka hewani mara kadhaa. Maelezo yake yalikuwa sahihi kiasi kwamba daktari wa leo angemtambua mtoto yule papo hapo, lakini jina alilolitumia lilikuwa lilelile la ngoma ya Mtakatifu Vitus, na tiba yake ilikuwa kutoa damu na kuharisha. Chanzo kilikawia kuonekana kwa sababu kilikuwa kimepita kabla mgonjwa hajaletwa. Katika karne ya 19 Mfaransa Germain Sée alionesha kwamba watoto wengi wa aina hii huwa pia na homa ya rumatiki, yaani homa inayouma viungo na kuharibu milango ya moyo. Na katika miaka ya 1950 watafiti wa Marekani walithibitisha kwamba mwanzo wa yote ni maambukizi ya koo yanayoletwa na bakteria aina ya streptokoka. Mwili, ukijilinda dhidi ya bakteria hao, hutengeneza kingamwili ambazo kwa kukosea hushambulia sehemu za ubongo, na dalili huweza kujitokeza miezi kadhaa baada ya koo kupona, wakati mzazi ameshasahau kwamba mtoto aliwahi kuumwa koo. Penisilini ilipoenea, korea ya Sydenham ilipungua sana katika nchi tajiri. Katika nchi za Afrika Mashariki, ambako homa ya rumatiki bado inaharibu mioyo ya watoto, haijaondoka.

Macho ya barabarani, 1817–1872

Mabadiliko makubwa ya karne ya 19 yaliletwa na utazamaji wa subira, kabla ya vifaa vya kuona ndani ya ubongo kuwepo. Mwaka 1817 James Parkinson, tabibu wa Hoxton katika London, alichapisha kijitabu kuhusu kupooza kwa kutetemeka, kilichojengwa juu ya watu sita tu, na baadhi yao hakuwahi kuwapima bali aliwaona wakipita mitaani. Aliona tetemeko linaloanza katika mkono uliopumzika, mgongo unaoinama, na hatua fupi zinazoharakisha kana kwamba mtu anaufukuza uzito wa mwili wake. Chanzo hakukijua, na alisema hivyo waziwazi, akawaomba wapasuaji wa maiti wakitafute. Yapata nusu karne baadaye Jean-Martin Charcot, aliyefundisha katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, aliutenganisha ugonjwa huo na maradhi mengine ya kutetemeka, akaona kwamba wagonjwa hawapoozi kwa kweli, na akapendekeza uitwe kwa jina la Parkinson.

Sumu nayo iliingia katika orodha ya vyanzo kwa njia hiyohiyo ya kutazama. Mwaka 1837 John Couper wa Glasgow alieleza wafanyakazi waliosaga madini ya manganizi, ambao miguu yao ilidhoofika na sauti zao kufifia, na hivyo kazi ya mtu ikatajwa kuwa ndiyo iliyomwondolea utawala wa mwili wake.

Aliyegusa chanzo cha ndani kabisa alikuwa kijana. George Huntington, aliyezaliwa mwaka 1850 huko East Hampton, Long Island, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza masomo ya udaktari alipoandika, mwaka 1872, makala fupi kuhusu korea. Sehemu kubwa ya makala hiyo haikuwa na jipya. Jipya lilikuwa katika aya chache za mwisho, alipoeleza korea ya namna nyingine iliyokuwa katika familia chache za mji wa kwao, ambazo babu yake na baba yake, wote wawili matabibu, walikuwa wamezitibu kwa miongo mingi. Alitaja alama tatu: ugonjwa hurithiwa, huambatana na kuvurugika kwa akili na mwelekeo wa kujiua, na huanza ukubwani. Akaongeza jambo ambalo lilikuwa jipya kwa usahihi wake, kwamba mtoto wa mgonjwa akiishi maisha yake yote bila kuugua, uzi umekatika, na wajukuu wako salama. Kazi ya Gregor Mendel juu ya urithi ilikuwa imechapishwa miaka michache kabla na kupuuzwa, wala haikugunduliwa upya hadi mwaka 1900. Huntington aliona kanuni ya urithi bila kuwa na nadharia yake, kwa sababu familia yake ilikuwa imetazama vizazi vitatu vya majirani kwa makini na kwa heshima.

Heshima hiyo haikurithiwa na wote waliomfuata. Mwaka 1932 daktari wa Marekani P. R. Vessie alidai kwamba familia zenye korea hiyo zilitokana na watu waliohamia Amerika kutoka Uingereza katika karne ya 17 na kwamba baadhi ya mababu zao walishtakiwa kwa uchawi, dai ambalo wachunguzi wa nasaba walilibomoa baadaye, lakini kabla ya kubomolewa lilikuwa limenakiliwa katika vitabu vingi vya tiba. Mwaka mmoja tu baada ya dai hilo, serikali ya Wanazi nchini Ujerumani ilipitisha sheria ya kuwahasi kwa nguvu watu wenye maradhi yaliyotajwa kuwa ya kurithi, na korea ya Huntington ilikuwemo katika orodha. Kujua kwamba chanzo ni cha urithi kungeweza kuwaondolea wagonjwa aibu. Mikononi mwa watu hao kukawa hati ya mashtaka. Hakuna ukurasa wa historia hii unaostahili kukumbukwa kwa uchungu zaidi.

Ubongo waonesha siri zake, 1912–1960

Kabla ya karne ya 20 ilijulikana kwamba chanzo kimo kichwani, bila kujulikana ni sehemu ipi. Mwaka 1912 Samuel Alexander Kinnier Wilson, akiwa London, alieleza ugonjwa wa vijana unaounganisha mijongeo isiyo ya hiari, kukaza kwa viungo na kuharibika kwa ini, na alionesha kwamba uharibifu wa ubongo uko katika mafundo ya seli za neva yaliyo ndani kabisa, chini ya gamba la nje. Baadaye iligundulika kwamba kosa liko katika shaba: mwili unashindwa kuitoa, nayo hujikusanya katika ini, ubongo na ukingo wa konea ya jicho. Mwaka 1956 John Walshe alionesha kwamba dawa ya penisilamini huweza kuiondoa shaba hiyo kupitia mkojo. Ugonjwa wa Wilson ni nadra, lakini kila daktari anayekutana na kijana anayetetemeka hupaswa kuufikiria, kwa kuwa ukitambuliwa mapema hutibika, na usipotambuliwa huua.

Mwaka 1917 Constantin von Economo wa Vienna alieleza ugonjwa mpya wa usingizi mzito ulioenea duniani kwa karibu muongo mmoja, ukaua wengi na kuwaacha maelfu ya walionusurika wakiwa wamekakamaa na kutetemeka kama wagonjwa wa Parkinson. Chanzo chake hakijathibitishwa hadi leo. Maiti za wagonjwa hao, pamoja na za wagonjwa wa kawaida wa Parkinson, zilimwezesha Constantin Tretiakoff kuonesha mwaka 1919 mjini Paris kwamba eneo dogo lenye rangi nyeusi katika shina la ubongo huwa limepauka kwa sababu seli zake zimekufa.

Seli hizo zilikuwa zikifanya kazi gani? Jibu lilitoka Sweden. Mwaka 1957 Arvid Carlsson aliwapa sungura dawa ya reserpini, iliyotokana na mmea wa Kihindi uliotumiwa tangu zamani kutuliza wagonjwa, nao wakalala bila kusogea, masikio yakiwa yameanguka. Alipowadunga levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa kemikali ya dopamini, waliamka wakasogea tena. Mwaka 1960 Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz, wakipima bongo za marehemu mjini Vienna, walikuta kwamba wagonjwa wa Parkinson wamepungukiwa sana na dopamini, na mwaka 1967 George Cotzias alionesha nchini Marekani kwamba levodopa ikitolewa kwa vipimo vinavyopanda taratibu humrudishia mgonjwa mwendo wake. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuijua levodopa, kwani imo kwa wingi katika mbegu za upupu, mmea uleule unaowasha mwili, na wanasayansi wa India waliitoa katika mbegu hizo mwaka 1937, miaka thelathini kabla ya kazi ya Cotzias.

Tangu hapo picha ikaeleweka. Dopamini ni kama usukani wa mafundo yale ya ndani: ikipungua, mwili hukakamaa, hukawia na kutetemeka; ikizidi, au seli zinazoipokea zikiwa na hisia kali kupita kiasi, mwili huchezacheza usipotakiwa. Wagonjwa wa Cotzias wenyewe walilithibitisha hilo, kwa kuwa baadhi yao walioweza kutembea tena walianza pia kujinyonganyonga bila hiari.

Chanzo kilichokuwa mkononi mwa mganga, 1952–1976

Sura hii ilichelewa kukubaliwa kuliko zote, ingawa ushahidi wake ulikuwa wodini, mbele ya macho ya madaktari, kila siku. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker walianza kutumia klorpromazini katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris kwa wagonjwa wa akili, na matokeo yake yalibadilisha tiba duniani kote, kwa kuwa watu waliokuwa wamefungiwa kwa miaka walitulia na wengi wakarudi makwao. Haikupita miaka mingi kabla madaktari hawajaona kwamba baadhi ya wanaotumia dawa hiyo hukakamaa na kutetemeka kama wagonjwa wa Parkinson. Hilo lilikubaliwa upesi, hata wengine wakaliona kuwa ishara kwamba dawa inafanya kazi.

Jambo la pili halikukubaliwa upesi. Mwaka 1957 daktari wa Kijerumani Schönecker aliandika kuhusu wagonjwa ambao midomo na ndimi zao ziliendelea kusogea hata baada ya dawa kusimamishwa, na mwaka 1964 Faurbye na wenzake nchini Denmark waliupa ugonjwa huo jina la diskinesia ya kuchelewa, kwa sababu hujitokeza baada ya miezi au miaka ya kutumia dawa. Mgonjwa hutafuna pasipo chakula, hutoa ulimi, hubana macho, na vidole vyake hucheza kama vya mpiga kinanda. Madaktari wengi walibisha kwa miaka, wakisema ni uzee, ni meno yaliyong'oka, au ni wazimu wenyewe unaojionesha kwa sura mpya. Ugumu mmoja ulikuwa wa kweli: kuongeza dozi huificha mijongeo hiyo kwa muda, na kuipunguza huifichua, hivi kwamba dawa ilionekana kuwa tiba ya kitu ilichokisababisha. Maelezo yaliyokubaliwa na wengi yalijengwa juu ya kazi ya Carlsson na Margit Lindqvist ya mwaka 1963, iliyoelekeza kwenye wazo kwamba dawa hizi huziba milango ambayo dopamini hupitia ili kuingiza ujumbe katika seli. Milango ikizibwa kwa muda mrefu, seli hujiongezea milango na hisia, na mwishowe hata dopamini kidogo huzitikisa.

Ugumu mwingine haukuwa wa kisayansi. Waliougua walikuwa wagonjwa wa akili, watu ambao malalamiko yao hayakuwa na uzito, na aliyetakiwa kukiri chanzo ndiye aliyeandika cheti cha dawa. Swali la nani amemshika, ambalo sayansi ilijivunia kuliacha nyuma, lilirudi likiwa na jibu ambalo hakuna aliyelitaka.

Mwaka 1976 Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani ilitoa kipimo rahisi cha mijongeo isiyo ya hiari, ambacho humtaka mpimaji kumtazama mgonjwa akiwa ameketi, akitembea na akitoa ulimi, na kutoa alama kutoka 0 hadi 4 kwa uso, midomo, taya, ulimi, mikono, miguu na kiwiliwili. Kipimo hicho bado kinatumika, na hakihitaji mashine yoyote. Baadaye ilidhihirika kwamba hatari haiko katika dawa za akili peke yake: metoklopramidi, inayotolewa kwa kichefuchefu, huziba milango ileile, na mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza iwekewe onyo kali dhidi ya matumizi ya muda mrefu. Dawa za kwanza zilizoidhinishwa huko mahsusi kwa diskinesia ya kuchelewa zilipatikana mwaka 2017, miaka 60 baada ya Schönecker. Mgonjwa anayetumia dawa hizi asiziache ghafla kwa kusoma historia hii, kwa kuwa kuziacha bila daktari kuna hatari yake. Ana haki hata hivyo ya kupimwa mara kwa mara.

Kijiji cha ziwani, 1955–1993

Mwaka 1955 daktari Américo Negrette alieleza wingi usio wa kawaida wa korea ya Huntington katika vitongoji vya maskini kando ya ziwa Maracaibo nchini Venezuela, ambako wenyeji waliuita ugonjwa huo maradhi ya Mtakatifu Vitus, na hivyo jina la Strasbourg lilikuwa limevuka bahari na karne. Tangu mwaka 1979 Nancy Wexler, mtafiti wa Marekani ambaye mama yake alifariki kwa ugonjwa huo, aliongoza safari za kuchora nasaba za familia hizo na kukusanya damu. Damu hiyo ilisaidia kundi la James Gusella kuonesha mwaka 1983 kwamba jeni inayohusika iko katika kromosomu ya 4, na mwaka 1993 jeni yenyewe ikapatikana: ndani yake herufi tatu za urithi hujirudia, na zikijirudia mara 40 au zaidi mtu huugua iwapo ataishi umri wa kutosha. Mwaka 2001 watafiti walieleza ugonjwa mwingine unaofanana nao sana ila una jeni tofauti, ambao wagonjwa wake karibu wote wana asili ya Afrika. Kwa hiyo jibu la kutokuwa na kasoro ya jeni ya Huntington halimalizi uchunguzi kwa Mwafrika mwenye korea.

Mahenge na Hai

Katika miaka ya 1960 Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norway, alifungua kliniki ya kifafa huko Mahenge, kusini mwa nchi ambayo sasa ni Tanzania, miongoni mwa Wapogoro, akakuta watoto ambao vichwa vyao huanguka mbele na kuinuka mara nyingi mfululizo kana kwamba wanasinzia. Kwa kipimo cha leo hiyo ni aina ya kifafa, na wengine wangeitenga na mijongeo iliyotajwa hapa, lakini kwa mama anayemtazama mwanawe tofauti hiyo haina maana. Wagonjwa wa kifafa waliogopwa kama wenye maradhi ya kuambukiza, wakalala na kula mbali na wengine. Miongo kadhaa baadaye watoto wenye dalili hiyo walionekana kwa wingi Sudan Kusini, na kisha kaskazini mwa Uganda katika wilaya kama Kitgum na Pader, na dunia ikaanza kutumia jina la ugonjwa wa kutikisa kichwa kana kwamba umezaliwa juzi. Maeneo yote hayo yana usubi, yaani ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na inzi wadogo weusi wa kando ya mito yenye kasi, na ushahidi wa kuihusisha minyoo hiyo na kifafa ni mwingi, ingawa njia inayotumika kuudhuru ubongo bado inabishaniwa.

Ugonjwa wa Parkinson nao ulidhaniwa kwa muda mrefu kuwa karibu haupo barani Afrika. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu wapatao 161,000, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008. Walikuta wagonjwa 33, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa na daktari yeyote jina la ugonjwa waliokuwa nao.